“Nimeambiwa niache kumsemesha mtoto Kiswahili”

Mwalimu, nakusalimu sana.

Ninaishi Kadutu, hapa Bukavu. Nina watoto wanne, na shida yangu ni ya huyu wa pili, kijana wa miaka tisa. Yuko kalasi ya tatu ya msingi. Kalasi ya pili aliirudia, na mwaka aliorudia ndio ule ule vita viliingia mjini, shule zikafungwa. Mpaka leo hajui kusoma. Ukimwekea kitabu cha Kifaransa anatoa kwa kichwa mistari aliyosikia wenzake wakiisoma, kumbe kidole chake kiko mahali pengine kabisa kwenye ukurasa. Diktee, ile imla ya Kifaransa, ndiyo mbaya zaidi. Kaye, yaani daftari lake, inarudi nyekundu tupu, na siku ya diktee tumbo linamuuma tangu asubuhi.

Lakini si mjinga, Mwalimu, na simsemei hivyo kwa kuwa ni wangu. Mimi nauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni. Nikitoka kidogo anabaki mezani, anauza, anarudisha chenji bila kukosea, na anakumbuka nani ana deni la tangu wiki iliyopita. Mama mkwe wangu anamsimulia hadithi kwa Mashi, lugha ya kwao, naye jioni anatugeuzia kwa Kiswahili mpaka tunashika mbavu.

Mwalimu wake wa shule aliniita. Ana watoto wengi mno kwenye kalasi moja, simlaumu. Aliniambia mambo mawili: kwamba mtoto ni mzito, na kwamba nyumbani tuache kumsemesha Kiswahili kwa sababu ndicho kinachomchanganya. Baba ya watoto anafanya kazi ya ofisi, Kifaransa ndicho kinachomlisha, basi neno hilo alilichukua kama amri. Sasa akiwa nyumbani ni Kifaransa tu. Mimi niliishia kalasi ya sita, Kifaransa changu ni cha kuombea njia. Mama mkwe ndiyo hasemi kabisa. Tunakula kimya. Kijana ameanza kujibu “oui”, yaani ndiyo, kwa kila kitu, hata ukimuuliza anataka nini.

Tumemtafutia mwalimu wa nyumbani, kijana wa chuo. Anakuja kila siku saa kumi na moja jioni, saa mbili nzima. Anamwandikisha mistari na kumkaririsha vitenzi: je suis, tu es, il est. Akikosea anarudia mstari mara ishirini, na fimbo ndogo iko pale mezani. Tunamlipa kila mwisho wa mwezi, na pesa hiyo inatuuma. Sijaona hata herufi moja iliyoongezeka.

Wifi yangu naye ana lake. Anasema akili ya mtoto imefungwa, tumpeleke chumba cha maombi afunge siku tatu. Na jirani anasema nimtafutie shule ya watoto wenye ulemavu.

Je, ni kweli Kiswahili ndicho kinachomharibu? Nimwondoe mwalimu wa nyumbani? Na mtoto wangu ni mlemavu? Mitihani ya mwisho wa mwaka inakaribia na mimi silali.

Mama wa Kadutu

*

Mama yangu,

Kiswahili kirudi mezani leo jioni, na Mashi ya mama mkwe wako irudi pia. Naanza na hilo kwa sababu katika barua yako nzima ndilo pekee ambalo halingoji uchunguzi. Lugha mbili hazimletei mtoto ugumu wa kusoma. Watoto wa Bukavu wengi wanakua na lugha mbili au tatu, na wengi wao wanasoma. Kama Kiswahili kingekuwa ndio ugonjwa, kalasi yote ya kijana wako ingekuwa imelazwa. Mtoto anafikiri kwa lugha anayoijua. Ukimkataza hiyo kabla hajapata nyingine, unamwachia “oui”. Hiyo “oui” uliyoitaja inanipa wasiwasi kuliko diktee, maana ni mtoto aliyekwisha kuona kwamba jibu fupi linamwondolea maswali.

Baba ya watoto hana nia mbaya, na ana haki ya kuitaka Kifaransa ya mwanawe. Mtihani wa taifa wa mwisho wa msingi utakuja kwa Kifaransa. Lakini mwambie haya, kwa wakati mzuri, akishakula. Tangu mwaka 1953 UNESCO ilisema wazi kwamba lugha bora ya kumfundishia mtoto kusoma ni lugha yake ya nyumbani. Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha hizo zitumike kufundishia. Mwalimu aliyekuambia mkizime hakuambiwa na serikali. Na kule Kanada, mtafiti Jim Cummins alionyesha kwamba mtoto mgeni anaweza kuzoea lugha mpya ya mazungumzo kwa miaka miwili hivi, lakini lugha ya vitabu na mitihani humchukua mitano hadi saba. Hao ni watoto waliozungukwa na lugha hiyo siku nzima, barabarani na dukani. Wetu wanasikia Kifaransa kalasini, wakitoka mlangoni wamerudi kwenye Kiswahili. Kwa hiyo kumwona mtoto wa kalasi ya tatu akiogopa Kifaransa cha kitabu si ajabu.

Kisha mpe baba kazi. Kifaransa chake ni kizuri, chako si kizuri. Basi yeye ndiye amsomee kwa Kifaransa, robo saa, kitabu chenye picha au hata gazeti, halafu wazungumze walichosoma kwa lugha yoyote. Wewe endelea kumsemesha Kiswahili chako kamili, chenye utani na majina ya vitu vyote vya sokoni. Mtoto anafaidi Kifaransa kizuri cha baba na Kiswahili kizuri cha mama. Kifaransa cha kuvunjikavunjika cha watu wawili hakimfaidishi kitu.

Sasa tuje kwenye kusoma kwenyewe. Kijana wako amepimwa kwa Kifaransa tu. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza kusoma neno “kiti”. Bila kujua hilo hatuwezi kusema kama shida yake ni Kifaransa au ni kusoma, na hizo ni shida mbili tofauti, dawa zake tofauti. Anayekwama kwenye Kifaransa tu, ukimpa Kiswahili anafunguka. Anayekwama kwenye kusoma atakwama kwa lugha zote.

Fanya hivi wewe mwenyewe, mkiwa mnachambua sambaza, pasipo kaye wala biki. Mwambie: “Sema kabati.” Akisema, mwambie: “Sasa sema kabati, lakini usiseme ka.” Anatakiwa akupe “bati”. Jaribu “kikombe” bila “ki”. Mwulize “sambaza” ina vipande vingapi, apige makofi: sa, mba, za. Mwulize neno lipi linaanza kama “meza”: “meli” au “soko”? Usimwambie ni mtihani, na akikosa cheka naye, endeleeni. Mtoto wa miaka tisa anayezungumza Kiswahili vizuri kama wako anatakiwa kuyafanya haya kwa mchezo. Akiyaweza yote, hesabu yangu inaelekea kwenye Kifaransa na masomo aliyoyakosa. Akipapasa, akikujibu “kaba” badala ya “bati”, ujue sikio lake bado halikati neno vipande, na mtoto asiyeweza kukata neno mdomoni hawezi kulikata kwenye karatasi, liwe la Kiswahili, la Kifaransa au la Kichina.

Na yale majuma yaliyopotea Februari 2025, usiyasahau wala usiyabebeshe kila kitu. Linganisha na mtoto wa jirani wa kalasi hiyo hiyo, aliyekosa majuma yale yale. Yeye anasoma? Kama naye hasomi, tunaongea habari ya vita. Kama anasoma, kijana wako ana jambo lake.

Kazi ya pili nampa mwalimu wa nyumbani, na hapa ataonyesha kama anaweza kufundisha au anaweza kusimamia tu. Achukue ile kaye nyekundu ya diktee, asome makosa moja moja. Makosa si ya aina moja. Mtoto akiandika “bireau” badala ya “bureau”, au “voitire” badala ya “voiture”, hajakosea kusoma, ameandika alichosikia. Kiswahili hakina ile sauti ya u ya Kifaransa, sikio lake likaitafutia ya jirani, ikawa i. Nusu ya mji huu inasema hivyo, na wengine wana diploma. Vivyo hivyo akisoma “table” kwa kulitamka lile e la mwisho kwa nguvu: katika Kiswahili hakuna herufi inayokaa mwishoni mwa neno bila kusema kitu, kwa hiyo ametumia sheria anayoijua, na ameitumia sawasawa. Kosa la namna hiyo lisipigwe alama nyekundu kabla mtu hajamweleza kwamba Kifaransa kina sheria nyingine.

Lakini akiandika “dureau”, au “tadle”, huyo ameshindwa kutofautisha b na d. Akiruka vipande, akaandika “samaza” kwa sambaza; akiandika neno moja kwa njia tatu kwenye ukurasa mmoja; akisahau leo herufi aliyoijua jana: hayo hayatoki kwenye lugha. Mwalimu achore mstari katikati ya karatasi, upande huu makosa yanayotokana na Kiswahili, upande ule makosa yanayotokea katika lugha zote mbili. Upande wa pili ukijaa, hapo ndipo sisi tunaofundisha watoto wenye mahitaji maalum tunapoanza kufikiria disleksia, yaani ugumu wa kusoma ambao mtoto anazaliwa nao na ambao haugusi akili yake. Mtoto mwenye disleksia anaweza kabisa kuwa yule anayekumbuka madeni ya wateja wote.

Kwa barua tu siwezi kumpa mwanao jina hilo, na mtu yeyote asikupe kabla hajakaa naye kwa lugha zake zote.

Kabla hata ya hayo yote, macho na masikio. Simama nyuma yake, hatua chache, umwite kwa sauti ya chini majina ya vitu: samaki, mkeka, chumvi, aseme ulichosema. Rudia ukiwa upande wa kulia, kisha wa kushoto. Jiulize kama amewahi kutokwa usaha masikioni, kama alipata malaria kali ya kichwani au kupewa kinini kwa wingi, maana vyote hivyo vinaweza kuacha alama kwenye usikivu, na malaria ya kichwani huweza kugusa hata uwezo wa kujifunza. Kwa macho, mtazame anavyoshika kitabu, na mwulize kama anaona ubao kutoka pale anapokaa. Ukiona shaka, mpeleke hospitali apimwe. Nimewaona watoto walioitwa wazito ambao walihitaji tu kuhamishwa dawati.

Haya, mwalimu wa nyumbani. Usimfukuze bado, lakini fimbo iondoke mezani. Isipunguzwe, isiwekwe kwenye begi: iondoke nyumbani kwenu. Mtoto ambaye tumbo linamuuma kwa hofu hawezi kushika sauti ya herufi, na hilo baba ya watoto analiweza kulisema kwa sentensi moja. Mistari ishirini nayo iishe. Anayenakili mstari mara ishirini anakuwa hodari wa kunakili, na wa kwako tayari ni hodari wa kutoa kwa kichwa. Ndiyo maana kidole kiko hapa na mdomo uko kule. Saa mbili kila jioni ni adhabu, hata kwa mtoto anayependa kitabu. Mara nne kwa juma, dakika arobaini, akiwa amekula na amecheza kidogo, zinatosha. Na huyo mwalimu akae ubavuni mwa mtoto, asikae ng'ambo ya meza. Aliyekaa ng'ambo anamwonyesha b iliyopinduliwa, halafu anamshangaa kuiandika hivyo.

Nitaeleza jinsi mimi ninavyoanza na mtoto wa namna hii, kijana wa chuo asome mwenyewe hapa.

Naanza kwa Kiswahili, hata kama mzazi amenilipa nifundishe Kifaransa. Sababu yake ni ya kazi: Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa, vokali tano, kila moja na sauti moja, leo na kesho. Kifaransa kinaandika sauti moja ya o kwa o, kwa au, kwa eau, na kina herufi chungu nzima zisizosema kitu. Kumfundisha mtoto anayesumbuka kusoma kwa kuanzia kwenye “beaucoup” ni kumwonea. Nachukua vokali tano na herufi tano tu: m, l, t, k, s. Hizo peke yake zinatoa vipande ishirini na tano, na kwa vipande hivyo unapata samaki, soko, kiti, kelele, moto, kuku, kula, lala, tatu. Mtoto aliyekuwa “hasomi” anasoma neno zima juma la kwanza, na uso wake unabadilika. Herufi b na d siziweki pamoja kabisa. Inakuja moja, inakaa mpaka imeota mizizi, majuma kadhaa, ndipo nyingine inaletwa.

Kila herufi inapita mdomoni, sikioni na mkononi kwa wakati mmoja. Njia hiyo ina wenyewe: Marekani, daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham waliiweka sawa kwa watoto wenye disleksia tangu miaka ya 1930, nayo bado inatumika. Kwetu haihitaji vifaa vya kuagiza. Sinia, unga wa muhogo umetandazwa juu yake, mtoto anachora “ka” kwa kidole huku anaisema kwa sauti, polepole, sauti iishe mkono unapoishia. Anatikisa sinia, inafutika, anaanza tena. Unga hauna alama nyekundu. Baadaye arduwazi, kile kibao cha kuandikia, na chaki, kaye mwisho kabisa.

Somo linaanza na kitu anachokiweza tayari. Kisha kitu kipya kimoja tu, sisemi viwili. Kisha kusoma, na hapo simpi kitabu. Namwambia anisimulie, naandika mimi, maneno yake yale yale. Mwanao atasema, tuseme: “Sambaza zimeisha. Mama amefurahi. Tumekula bugali.” Naandika kwa herufi kubwa, tunasoma pamoja, kidole chake chini ya kila neno. Halafu nachukua mkasi nakata sentensi vipande, anazipanga upya. Hapo hawezi kutoa kwa kichwa, maana nikibadilisha mpangilio ikawa “Mama zimeisha, sambaza amefurahi”, lazima asome ndipo acheke. Hadithi za mama mkwe wako ni hazina kwa kazi hii. Azisikie kwa Mashi, azitoe kwa Kiswahili kama alivyozoea, ziandikwe. Huo ugeuzaji anaoufanya jioni, watu wazima wanalipwa kuufanya.

Kifaransa kinaingia tangu juma la kwanza, lakini kwa mdomo: majina ya vitu vya chumbani, maagizo, nyimbo, mazungumzo mafupi. Cha kusoma kinafuata Kiswahili kikishasimama. Naanza na herufi ambazo hazibadiliki sana zikivuka: m, l, t, i, a, o. Hizo anazijua, sizifundishi mara ya pili, na hapo ndipo muda wa Kiswahili unaporudi wenyewe. K pia ni ile ile, ila Kifaransa hupenda kuiandika kwa c au qu. Kisha zile zinazogeuka. U ya Kiswahili, Kifaransa wanaiandika ou. Ch ya “chai” si ch ya “chat”. J ya “jiko” si j ya “jour”. N inayosikika katika “ndani” inamezwa puani katika “maman”. Kila moja inaonyeshwa wazi, kwenye kadi za rangi mbili, ya bluu kwa Kiswahili na nyekundu kwa Kifaransa, na kabla hatujafungua mdomo nasema: “Sasa tunasoma Kifaransa.” Mtoto akijua yuko lugha gani, nusu ya kuchanganyikiwa imeondoka. Walichokiita kuchanganywa na Kiswahili mara nyingi ni hiki tu, kwamba hakuna aliyemwambia herufi zinabadilisha kazi.

Vitenzi vya je suis, tu es vitakuja, lakini ndani ya sentensi anazozielewa. Ile hadithi ya sambaza, akishaisoma kwa Kiswahili, tunaisema kwa Kifaransa kwanza, kwa ishara na vichekesho, kisha naiandika: “Maman est contente.” Hapo “est” ina maana, ni furaha ya mama yake.

Hesabu, msimwache nyuma kwa sababu ya kusoma. Mtu anayerudisha chenji sokoni anajua kutoa na kujumlisha. Swali la hesabu asomewe, aelezwe kwa Kiswahili, ajibu. Ndipo afundishwe maneno ya Kifaransa ya swali hilo, pamoja na septante (sabini) na nonante (tisini). Ukitaka mwalimu wa shule aache kumwita mzito, mwombe amsikilize kijana akifanya hesabu kwa mdomo. Mara moja tu.

Na huyo mwalimu wa shule nakusihi umwendee kwa upole. Tangu msingi ulipoanza kuwa bure Septemba 2019 kalasi zimejaa, na hakuna aliyemfundisha kazi hii. Usimpelekee makala hii kama hati ya mashtaka. Mwombe vitu vidogo anavyoviweza: amkalishe mbele, asimsimamishe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake kwa sasa, diktee yake iwe ya maneno matano badala ya ukurasa, na pale inapowezekana ajibu kwa mdomo. Akisema shule haimtaki tena, hapo mwongee kwa sheria: ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za mtu mwenye ulemavu, shule zikiwemo. Lakini sioni kama mtafika huko.

Kuhusu shule ya pekee, kwa ulichoandika sioni sababu. Bukavu ina kituo cha Heri Kwetu kinachohudumia watoto wenye ulemavu kwa miaka mingi, na mzazi ambaye mwanawe anakihitaji asione haya kubisha hodi. Wako anazungumza lugha mbili, anauza na anachekesha ukoo mzima. Mahali pake ni pale pale alipo, na msaada.

Wifi yako aombe, tena hata mimi naungana naye. Lakini mtoto wa miaka tisa hafungi siku tatu. Na maneno ya akili iliyofungwa myakate mapema, kwa sababu yanapokwenda mara nyingi ni kumnyoshea mtoto kidole cha uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo.

Mitihani ya mwaka huu usiihesabu sana. Kama mtafuata haya kuanzia juma lijalo, mwisho wa mwaka atakuwa anasoma maneno ya Kiswahili na sentensi chache za Kifaransa, na hiyo haitoshi kwa bulleteni, ile karatasi ya matokeo, ya kalasi ya tatu. Jiandaeni kwa hilo, na baba aambiwe sasa, asije akashtukia Julai. Mpango wangu kwa mtoto kama huyu unahesabiwa kwa mwaka mzima.

Kama kijana wa chuo atakataa kubadilika, muage vizuri. Chuo cha ISP Bukavu kinaandaa walimu. Ulizia hapo mwanafunzi ambaye atakubali kusoma maelezo haya na kukaa ubavuni mwa mtoto. Na vyovyote itakavyokuwa, vipindi vikishuka kutoka saa mbili za kila siku hadi dakika arobaini mara nne kwa juma, mkae muelewane bei upya. Kitakachobaki nunua arduwazi, chaki na kadi za rangi mbili, na miwani kama daktari wa macho ataiandika.